Shule imemkataa mwanangu mwenye mtindio wa ubongo, nianzie wapi? Jibu kwa mama wa Tandahimba

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tandahimba, nimelifupisha kidogo na nimetoa majina:

"Shikamoo anko. Nina mtoto wa kiume ana miaka 8, ana mtindio wa ubongo, hatembei, kukaa anakaa akiegemezwa. Anaongea maneno machache ila anaelewa kila kitu mpaka utani anacheka. Mwaka jana nilimpeleka shule ya hapa kijijini mwalimu mkuu akaniambia hatuna mwalimu wa watoto kama hawa, mpeleke shule maalumu, na hiyo shule yenyewe hakusema iko wapi. Baba yake aliondoka mtoto ana mwaka mmoja, yupo Mtwara mjini anaendesha boda yake mwenyewe. Msimu wa korosho nikienda shamba namfungia ndani kwa sababu sina wa kumwachia, mama yangu mzee haoni vizuri. Nasikia kuna viti vya bure, wengine wanasema kuna hela za walemavu halmashauri, nikienda naambiwa njoo wiki ijayo. Naomba unielekeze nianzie wapi, na kama kuna dawa ya kumtembeza nitauza hata mikorosho."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloniogopesha: usiuze mkorosho hata mmoja. Mtindio wa ubongo hauna dawa ya kuumaliza, na yeyote atakayekwambia anayo, awe na koti jeupe au awe na tunguri, anaitaka mikorosho yako. Ubongo wa mtoto uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, mara nyingi ni kukosa hewa pale uchungu ulipochukua muda mrefu, au manjano kali ya siku za mwanzo, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Hujalogwa na hujakosea kitu. Kidonda chenyewe kwenye ubongo hakiongezeki, ila viungo vinaweza kukakamaa zaidi mwaka hadi mwaka kama mtoto hafanyiwi mazoezi na hakalishwi vizuri, na hapo ndipo hela yako kidogo na nguvu zako zinapotakiwa kwenda, nitafika.

Mimi nilifanya kazi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri za huku kusini, sasa nimestaafu nawasaidia watu kuandika barua na kufuatilia, na kitu nilichokiona kinawaua wazazi wengi ni hapana ya mdomo. Unaenda ofisini, unaongea vizuri, unajibiwa vizuri, "njoo wiki ijayo mama", unarudi nyumbani huna hata karatasi. Mwaka unapita, afisa anahamishwa, anakuja mwingine ambaye hajawahi kukusikia, unaanza upya. Kwa hiyo majibu yangu karibu yote yatazunguka hapo hapo: mdomo uwe wa salamu, shida yako iende kwa maandishi.

Kabla ya shule kuna hatua ndogo ya kuanzia kijijini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu, na watu wenye ulemavu waandikwe kwenye rejista. Nenda kwa mtendaji wa kijiji mwambie unataka jina la mwanao liandikwe, umri wake, aina ya ulemavu, na uone linaandikwa kwa macho yako. Vijiji vingine kamati ipo hai, vingine ipo kwenye faili tu, usibishane kuhusu hilo, wewe shughulika na jina. Halafu ulizia siku afisa ustawi wa jamii anapokuja kwenye kata yenu au mfuate ofisini kwake halmashauri, mwambie vilevile. Viti vikija, msamaha wa matibabu, mradi wowote, vyote vinaanza na orodha, na mtoto ambaye hayupo kwenye orodha kwa ofisi ni kama hajazaliwa. Kama hana cheti cha kuzaliwa nacho kianze kufuatilia RITA pale wilayani, ila mtu asikwambie mtoto hawezi kuanza darasa la kwanza eti kwa sababu hana cheti, hayo ni mambo mawili tofauti na yanaweza kwenda pamoja.

Sasa shule.

Kifungu cha 27 cha sheria hiyo hiyo ya 2010 kinasema mtoto mwenye ulemavu atasoma shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Yaani shule ya kawaida ndiyo mwanzo, shule maalumu ndiyo inayohitaji maelezo, na wengi huku wanaifahamu kinyume chake. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, huo nao unazungumzia elimu jumuishi, lakini wewe ukifika kwa mwalimu usianze na Umoja wa Mataifa, utamfanya ajihami bure.

Nimtetee mwalimu kidogo. Huenda ana darasa la kwanza la watoto wamebanana mpaka mlangoni, walimu wachache, choo cha shimo chenye mlango uliong'oka, na hakuna hata mmoja pale aliyesomea elimu maalumu. Anaogopa mtoto ataanguka mikononi mwake, atajisaidia darasani, wazazi wengine watalalamika. Nimekaa na walimu wakuu wengi wa namna hii na ukimsikiliza vizuri unakuta hamchukii mtoto, anaogopa. Ila kuogopa kwake hakumpi mamlaka ya kumkataa. Anayetakiwa kusema mtoto asome wapi ni timu ya upimaji, na kwenye halmashauri kuna afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu, yeye ndiye anaandaa upimaji akishirikiana na watu wa afya na ustawi. Baada ya upimaji inaweza kuamuliwa akae darasa la kawaida na kusaidiwa, au aende kwenye kitengo maalumu kilicho ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu ya bweni. Mwalimu mkuu hawezi kuamua hayo akiwa amesimama mlangoni.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike hivi, kwa mwandiko wako au wa mtu unayemwamini:

"Mimi (jina), mkazi wa kijiji cha (jina), ni mzazi wa (jina la mtoto), mwenye umri wa miaka 8 na ulemavu wa viungo unaotokana na mtindio wa ubongo. Mwaka jana nilifika shuleni kumwandikisha nikajibiwa kwa mdomo kwamba hawezi kupokelewa. Naomba aandikishwe darasa la kwanza kwa mwaka ujao wa masomo, na naomba afanyiwe upimaji wa mahitaji yake ya kielimu. Kama ombi hili halitakubaliwa naomba nijibiwe kwa maandishi pamoja na sababu. Nakala: Afisa Elimu Kata, Mtendaji wa Kata, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri." Tarehe, saini, namba ya simu. Basi. Usiongeze maneno ya kulia, usiweke matusi, usimtaje mwalimu kwa ubaya, barua ya maombi yenye hasira inampa mtu sababu ya kuzungumzia hasira yako badala ya mtoto wako.

Toa kopi za kutosha. Kila unapopeleka, kopi yako moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, kama ofisi haina mhuri basi aliyeipokea aandike jina lake na asaini. Hapo ndipo watu wanaponizoea vibaya, wananipigia wanasema "anko barua nimepeleka", nawauliza kopi ya mhuri iko wapi, kimya. Barua ambayo huna ushahidi kwamba imepokelewa haina tofauti na ile hapana ya mdomo. Kuna mama mmoja wa upande wa Nanyumbu alikuwa na kesi inayofanana na yako, mtoto wa kike, alipeleka barua shuleni, na kabla hata ya jibu mwalimu akampigia simu mwenyewe akamwambia njoo tuzungumze. Kilichobadilika ni zile nakala tatu pale chini, mwalimu alijua na wa juu yake wameshajua.

Ukiona wiki mbili tatu zimepita kimya, panda ngazi: afisa elimu kata, halafu wilayani ofisi ya elimu ya awali na msingi, omba kumwona wa elimu maalumu kwa cheo chake, halafu mkurugenzi. Kote unabeba ile kopi yenye mhuri. Ikishindikana kabisa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina tawi Lindi, kulalamika hakulipiwi, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 nao hawatakiwi kukudai hela. Sidhani utafika huko. Wengi wanaishia wilayani.

Halafu mwalimu akikuita, usiende mikono mitupu. Nenda na mtoto. Muoneshe jinsi anavyokaa, anavyosema ndiyo na hapana, anavyoomba choo. Mwambie siku za mwanzo utakuja naye mpaka walimu wamzoee. Hili silisemi kwa sababu ni wajibu wako kufanya kazi ya serikali, hapana, nalisema kwa sababu nimeona hofu ya mwalimu inavyoyeyuka akishaona mtoto anacheka. Na kwa mtoto anayeongea maneno machache kuna kitu rahisi sana: kata picha kwenye vitabu chakavu na maboksi, maji, chakula, choo, naumwa, nimechoka, nimemaliza, zibandike kwenye karatasi ngumu aone zote kwa pamoja, awe anaonesha kwa mkono au hata kwa macho. Mwalimu amuulize maswali ya ndiyo na hapana. Kwa mtoto anayeelewa utani hilo halitamshinda.

Kuhusu bweni. Ndugu watakushauri umpeleke mbali "atatunzwa na wataalamu". Mimi kwa mtoto wa miaka 8 ambaye analishwa, anapelekwa chooni na anageuzwa usiku, nisingekimbilia huko, na kama upimaji utasema bweni basi kabla ya kumwacha uliza maswali ya jikoni na chooni: nani anamlisha, usiku yupo nani, matroni mmoja ana watoto wangapi, akiugua nani anapigiwa. Wakikujibu kwa majina ya watu, sawa. Wakikujibu "usijali mama", rudi naye. Lakini zipo familia ambazo bweni limewaokoa, kwa hiyo siwezi kusema kamwe.

Viti. Ni kweli vipo vya bure, vinatolewa na serikali, na wafadhili, na wabunge, na vinapita kwa afisa ustawi, ndio maana nimekwambia orodha kwanza. Ila nikwambie ukweli ambao wanaopiga picha siku ya kugawa viti hawausemi: vingi ni saizi moja, saizi ya mtu mzima mwenye mgongo wenye nguvu. Mtoto wako ukimweka humo anazama, makalio yanateleza mbele, mgongo unapinda kama upinde, kichwa kinaanguka upande, na baada ya miezi unakuta vidonda kwenye makalio na uti wa mgongo umeanza kujikunja. Kiti kibaya kinamuumiza kuliko mkeka. Usikipokee kwa sababu tu ni cha bure, au ukikipokea kwa kuwa hutaki kuonekana huna shukrani, kitumie kumsafirishia tu, usimkalishe humo kutwa.

Kiti kinachomfaa kikoje? Mkalishe halafu mtazame kwa ubavuni. Makalio yameingia mpaka mwisho wa kiti na yamegusa egemeo. Nyonga zimekunjwa, magoti yamekunjwa, na nyayo zimekanyaga kitu, zisininginie. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ipite vidole vyako viwili hivi. Ubavuni pasiwe na nafasi ya kuyumba kushoto na kulia. Mkanda unapita nyongani, sio tumboni na wala sio kifuani peke yake, kwa sababu wa kifuani akiteleza unampanda shingoni. Mbele meza ndogo ya kuwekea mikono, ikifika usawa wa viwiko anatulia kabisa, hata udenda unapungua kwa wengine.

Hicho kwa matumizi ya ndani na darasani fundi seremala wa pale kijijini anaweza kukutengenezea kwa mbao, na ni kitu ambacho ningekushauri ukifanye haraka kuliko kusubiri cha magurudumu. Kabla hajakata mbao nenda na mtoto kitengo cha mazoezi tiba ya viungo, anzia hospitali ya wilaya, wakikosekana waombe rufaa kwenda Ligula pale Mtwara au Ndanda, wampime na wakuandikie vipimo kwenye karatasi: upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu wa mguu kuanzia gotini, kimo cha mgongo. Unampelekea fundi vipimo, humpelekei maneno "tengeneza kiti cha mtoto". Mwambie aache nafasi ya kuongeza, mtoto anakua. Godoro kuukuu likatwe litandikwe, juu lishonewe kitenge kinachotoka na kufuliwa, kwa sababu kitalowa.

Na cha magurudumu ukikipata, kumbuka kwenu ni mchanga. Yale magurudumu madogo ya mbele yanazama, utasukuma mpaka mgongo ukuume na mwisho utambeba mtoto na kiti utakiacha nyumbani kuwa kabati. Waombe chenye gurudumu moja kubwa mbele, cha magurudumu matatu, kilichotengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu, hivyo vipo, ila usipotaja hawatakwambia. Uliza pia matairi ni saizi ya baiskeli za kawaida ili fundi baiskeli aweze kukubadilishia.

Pale hospitali waulize mambo mengine mawili. Kwanza kama ana degedege au anakodoa macho na kukakamaa ghafla, watoto wengi wenye mtindio wanakuwa na kifafa na dawa zipo, na ukishaanza usizikate mwenyewe siku ukiona ametulia. Pili wakufundishe kumlisha. Nina hakika kuna siku anapaliwa. Mtoto wa namna hii asilishwe amelala na asiinuliwe kidevu juu, akae wima, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko kidogo, uji uwe mzito kiasi kwa sababu maji maji ndiyo yanakimbilia kwenye njia ya hewa, na akimaliza akae wima kama nusu saa. Kikohozi cha kila mara akila au vichomi vya kujirudia ni cha kumwambia dokta. Mazoezi uliyofundishwa yafanye ukimwogesha, ukimvalisha, yaingie kwenye kazi za kila siku, maana ukisubiri upate muda wa mazoezi, na korosho zile zinaanguka, hautapatikana.

Hilo la kumfungia. Naomba unisikilize bila kuona nakuhukumu, nimekuta wazazi wengi wazuri wanafanya hivyo, na nimekuta pia nyumba iliyoungua. Moto, nyoka, kupaliwa, kukaa na mkojo kutwa kwenye joto la mwezi wa kumi na moja, na mtu mbaya akijua kwamba yumo ndani peke yake na hawezi kusema vizuri, hilo la mwisho watu hawapendi kulitaja ila watoto wenye ulemavu wanafanyiwa ukatili kwa sababu wahusika wanajua hawatasimulia. Kisheria pia linaweza kukugeukia wewe, kumtelekeza mtoto ni kosa na watu hawataangalia kwa nini. Kwa hiyo ndio maana shule naiweka mbele ya kiti na mbele ya hela, shule ni masomo na pia ni saa kadhaa kila siku ambapo mtoto yupo kwenye macho ya watu. Mpaka hapo, kaa na ndugu. Najua kwenu mjomba ana sauti, muite mjomba wa mtoto akae na wewe na bibi, mpange zamu za msimu wa kuokota, nani siku gani, hata kama ni binti mkubwa wa jirani mtamlipa korosho kilo kadhaa. Bibi asiyeona vizuri hawezi kumlinda peke yake lakini akiwa na mtu mwenye macho anafaa sana, sauti yake mtoto anaijua. Ukienda naye shamba basi kivulini, mkeka, kiti chake, maji, usimlaze karibu na wanapopulizia salfa kwa sababu ule unga unabana kifua. Na ukiona au ukihisi mtu amemfanyia kitu, namba 116 ni ya simu kwa mtoto, unapiga bure.

Baba mtoto sasa. Ana boda yake, maana yake ana kipato, na Sheria ya Mtoto inambebesha matunzo awepo nyumbani au asiwepo, mlifunga ndoa au hamkufunga. Anzia kwa afisa ustawi, atamwandikia wito, wengi wakiona barua ya wito wanakuja na mnakubaliana kiasi kwa mwezi mbele ya afisa na inaandikwa. Asipokuja au akikubali halafu asitoe, afisa anakuelekeza kufungua maombi ya matunzo mahakama ya watoto. Andaa daftari, andika kila unachotumia kwa mtoto, nauli ya hospitali, dawa, pampasi au vitambaa, sabuni, na ukipata risiti itunze. Hakimu anapenda daftari kuliko machozi. Na hela yake ikianza kuja ije kwa simu, ujumbe wa muamala ni ushahidi, usipokee mkononi ukaambiwa baadaye alishatoa zote.

Hela za halmashauri. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri inatenga kwa ajili ya mikopo, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, haina riba. Ni mkopo lakini, unarudishwa, sio posho, na hapo ndipo waliokwambia "hela za walemavu" walipokuchanganya. Wewe kama mwanamke ingia kwenye kikundi cha wanawake kilichosajiliwa uombe kupitia ile 4, ila kwa hali yako ya sasa nisingekusukuma, kopa pale ambapo una mtu wa kukaa na mtoto na biashara unayoijua. Ruzuku isiyorudishwa ni ya TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini, na kaya zinaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo siku ya mkutano uwepo na mtoto awepo ikiwezekana, watu wakimwona ni vigumu kusema kaya yako haina shida. Kama orodha imefungwa omba jina lako liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano kwamba umeomba. Matibabu, mwombe afisa ustawi barua ya msamaha, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka utaratibu wa watu wasio na uwezo kugharamiwa, tena ni orodha, tena hakikisha kaya yako imo.

Vyama pia vipo. SHIVYAWATA ndilo shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini, muulize afisa ustawi nani kiongozi wao wilayani kwenu. Kwa uzoefu wangu ukitaka kumsukuma afisa anayekuzungusha, mtu wa SHIVYAWATA akiongozana na wewe siku moja anafanya kazi kuliko wewe kwenda peke yako mwezi mzima. Na utakutana na wazazi wengine, kuna mambo ya mtoto wa namna hii huwezi kumwambia mtu ambaye hana.

Akishasoma na kufika mbali kuna mengine, mitihani ya taifa wanaongezewa muda, mkopo wa chuo kikuu wanapewa kipaumbele kwa fomu inayosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Hayo tuyaache, ana miaka 8.

Kwa hiyo kwa mpangilio wa wakati: shule zinafungua Januari na uandikishaji wa darasa la kwanza unaanza miezi ya mwisho wa mwaka, ambayo ndiyo miezi hiyo hiyo ya korosho na minada, usiseme nitaenda korosho zikiisha kwa sababu zitaisha na darasa limeshajaa. Barua iandike wiki hii. Jina kwa mtendaji unaweza kuandikisha siku hiyo hiyo unayokwenda kugongesha mhuri, ni safari moja. Hospitali panga siku ambayo kuna mtu wa kukusindikiza, usimbebe peke yako kwenye basi mpaka Mtwara, na ulizie kwanza kwa simu kama mtu wa mazoezi tiba yupo siku hiyo. Wito wa baba yake mwache afisa auandike baada ya kumwona mtoto kwa macho yake. Ukipata jibu la shule, hata kama wamekataa, hasa kama wamekataa, nipigie picha ile barua unitumie tuone wameandika sababu gani.